Mzee Badala na Karatasi za Sabuni

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mjane, watoto, wajukuu na ukoo mzima, historia hii inasomwa na shemeji wa marehemu, yaani mdogo wake mjane, yule mwenye duka la kona ambaye wengi wenu mnamfahamu, na kabla hajaanza anaomba radhi kwamba ana karatasi mbili mkononi, moja ilichapwa jana kwa utaratibu, nyingine imeandikwa kwa mkono asubuhi hii, baada ya jambo lililotokea familia ilipokuwa ikitafuta cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo pale atakapobadilisha karatasi tunaomba mumvumilie, maana hata yeye mwenyewe bado hajakaa sawa.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 17 Aprili 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, chumba cha nne kutoka bombani, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mkoroga mapipa wa kiwanda hicho na mkewe, na ingawa mama yake mzazi alishikilia mpaka mwisho kwamba ilikuwa Jumatatu, marehemu alipokuwa mtu mzima aliwahoji majirani kumi na mmoja, akapata Jumanne saba, Jumatatu tatu, na bibi mmoja aliyesema Ijumaa na hakutaka kubishana, ndipo akaandika Jumanne, na pembeni akaweka alama ya kuonyesha kwamba hayo ni makadirio. Alikua akiamshwa na king'ora cha kiwanda kile, akiogeshwa kwa vipande vya sabuni vilivyovunjikia mashineni, na tangu utoto wake hadi juzi hakuwahi kuisema vibaya sabuni ya kiwanda cha baba yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari kuanzia 1966 hadi 1971, na walimu wake wanakumbuka kwamba alikuwa mwanafunzi mtiifu ila mgumu kwenye hesabu za mafumbo, kwa mfano pale alipoulizwa mama akinunua machungwa kumi, na bei ya machungwa ikapanda maradufu, atalipa kiasi gani, yeye akajibu kwamba mama hatalipa chochote kwa sababu atanunua ndizi, akachapwa, akarudi mezani, akaongeza kwamba inategemea ndizi zinauzwaje. Mwaka 1972 aliingia chuo kikuu kusomea uchumi, akahitimu mwaka 1975, na huko ndiko alikokuta kwamba jibu lake la ndizi lina kitabu kizima, akaandika barua kwa mwalimu wake wa zamani kumjulisha, na barua hiyo haikujibiwa.

Tarehe 3 Novemba 1975 aliajiriwa katika ofisi ya takwimu za biashara, akapewa meza ya mwisho ghorofa ya tatu, karibu na dirisha lisilofungika, na meza hiyo hakuihama mpaka alipostaafu tarehe 17 Aprili 2011. Kazi yake, kwa mliokuwa mkijiuliza siku zote na mkaona haya kumuuliza, ilikuwa kutafuta namba, nayo ni hivi, bidhaa ya kwetu na ya nje zimekaa kwenye rafu moja, ile ya nje ikipungua bei sehemu moja katika mia, je, wanunuzi wataiacha ya kwetu kwa kiasi gani waifuate ile, kama wanahama wengi namba inakuwa kubwa, kama wanang'ang'ania waliyoizoea namba inakuwa ndogo, na wakubwa kabla ya kupandisha au kushusha ushuru wa forodha wanatakiwa waijue namba hiyo, bila hivyo wanapiga ramli. Alitafuta namba ya viberiti, ya misumari, ya madaftari, ya vikombe vya bati, na kila alipokwenda alikuwa na swali moja, hii ikikosekana utachukua ipi badala yake, akamuuliza kinyozi huku amenyolewa nusu, akamuuliza daktari wa meno huku mdomo uko wazi, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mzee Badala tangu ana miaka thelathini na mbili, mvi hana hata moja. Kuna kipindi alivaa kandambili mguu wa kushoto ya kwetu na mguu wa kulia ya nje, miezi minne mfululizo, ili aone ipi itaisha kwanza, na wageni waliofika nyumbani walidhani mambo yamekuwa magumu, wakawa wanaacha chochote kitu mlangoni.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Desemba 1979 na dada yetu, fundi cherehani, ambaye alimkuta kwenye kibanda chake cha ushonaji alipokwenda kutafuta namba ya uzi, akanunua uzi Jumamosi sita mfululizo, Jumamosi hii wa kwetu, inayofuata wa nje, mpaka dada akaweka mkasi chini na kumuuliza, "Kaka, uzi wote huu unashona nguo ya nani?" Marehemu akasema hana nguo. "Sasa unataka nini hapa?" Akasema anataka kujua uzi wa nje ukishuka bei yeye fundi atachukua upi. "Mimi nitamchukua mteja mwenye nguo ya kushona," akajibiwa, na Jumamosi ya saba marehemu akaja na suruali, ya nane akaja na suruali ileile ameichana mwenyewe. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili fundi wa majokofu, na kitinda mimba ni mwalimu wa hesabu, ambaye kati yetu sote ndiye pekee aliyekuwa akikaa na baba yake kwa hiari wakati amefungua mafaili.

Na kwa upande wa ukwe, msomaji anapenda ijulikane kwamba marehemu alimpenda sana, kwani kuanzia mwaka 1994 kila Jumamosi saa nne asubuhi hakukosa dukani, anasalimia, anapita uani kunyoosha miguu, anatembea polepole ukutani mikono iko nyuma, kisha anarudi, anakunywa maji, anakwenda zake, na msomaji alikuwa amemwekea kiti chake maalumu.

Sasa tunaingia kwenye jambo ambalo mjane ametaka lisomwe, familia ilimsihi aliache, akasema, "Someni, mimi nimechoka kulibeba."

Mwezi Februari 1994 palikuwa na mpango wa kushusha ushuru wa sabuni za nje, na marehemu akatakiwa alete namba ya sabuni, kwa sababu namba ikiwa ndogo, maana yake watu hawaihami sabuni yao, basi ushuru unaweza kushushwa na kiwanda kisidhurike, lakini namba ikiwa kubwa, kushusha ushuru ni kukizika kiwanda kikiwa hai, na kiwanda chenyewe ndicho hiki cha baba yake, ambacho king'ora chake mmekisikia leo asubuhi. Marehemu alichagua kaya arobaini za mtaa huu, akazipa bahasha, akaziambia, "Nunueni mnachopenda, mimi sina upande, ila kila sabuni mtakayonunua nitunzieni karatasi yake," na kila mwisho wa mwezi alipita nyumba kwa nyumba kukusanya. Kaya namba moja ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Mnayajua maji ya mtaa wetu, yana chumvi, na sabuni ya kiwanda chetu kwenye maji haya, tuseme ukweli mbele ya Mungu, unaisugua mpaka mkono unachoka na povu hulioni, wakati ile ya nje ya karatasi ya njano, yenye harufu ya limao, inatoa povu hata ukiitazama tu. Wiki ya kwanza dada alitia kwenye bahasha karatasi moja ya njano, kwa uaminifu kabisa, marehemu akaichungulia, akala chakula chake chote, akaenda kukaa kizingitini akisikiliza king'ora, na dada alipomwona vile akaapa moyoni hataweka nyingine. Kesho yake akafika dukani kwa mdogo wake, akasema, "Nipe ya limao, halafu unitafutie na karatasi za ile ya kwake."

Karatasi hizo zilikuwepo, kwa sababu dobi wa mtaa wa pili alikuwa akinunua sabuni ya kiwanda chetu boksi zima, anaimenya palepale dukani, anakwenda kuiyeyusha kwenye sufuria lake, karatasi zinabaki, na msomaji akampa dada yake, mtu na dada yake. Wiki iliyofuata akaja jirani wa nyumba ya kijani, akanong'ona, "Na mimi nipe kama ulizompa dada yako, yule mzee tusimvunje moyo," akaja mke wa fundi saa, akaja mwalimu mkuu mstaafu ambaye alitaka tano kabisa akaweke akiba, na kufika Aprili kaya thelathini na saba kati ya arobaini zilikuwa zinaogea limao na kutunza karatasi za kiwanda. Msomaji anatamka hadharani kwamba karatasi hizo hakumuuzia mtu, alizitoa bure.

Ripoti ilipelekwa Januari 1995, ushuru haukushushwa, kiwanda kikapona, na hakuna aliyetuambia kwa nini, lakini Machi 1996 nafasi ya mkuu wa kitengo, ambayo kila mtu alijua ni ya marehemu, akapewa kijana ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na maneno yakavuja kwamba kamati ilizikataa takwimu zake za kaya. Dada yetu aliposikia hivyo akajua ni zile karatasi, kwamba yeye kwa mkono wake ameichafua kazi ya mumewe, na tangu siku hiyo, miaka ishirini na minane, hakuthubutu kumwambia, wala hakuthubutu kuacha, maana angeacha ghafla angejulikana, ikawa kila sabuni ya limao inayoingia nyumbani inavuliwa nguo na kuvikwa ya kiwanda, na marehemu kila akitoka bafuni anasema kwa sauti ya kuridhika, "Sabuni ya kwetu haina mpinzani."

Tarehe 6 Mei 2024 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa sebuleni, akapooza upande wa kulia, akalazwa, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena Septemba, akarudishwa tena, na muda wote huo mkewe hakukubali aogeshwe na mtu mwingine, alimwogesha mwenyewe, na kila siku mgonjwa akakusanya nguvu zake, akatamka kwa shida yale maneno yake ya haina mpinzani, na dada akimaliza kumfuta anatoka kwenye korido kulia. Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, marehemu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, mkewe amemshika mkono wa kushoto. Neno la mjane ni hili, anamwomba marehemu msamaha, anaiomba na ofisi ya takwimu msamaha, na anasema kama marehemu hakupata haki yake kazini, kosa ni lake.

Hapo ndipo inapoishia karatasi iliyochapwa.

Asubuhi hii saa moja, wakati kitinda mimba anapekua sanduku la chini ya kitanda, upande wa mkono wa kushoto wa marehemu, atafute cheti cha kuzaliwa, ili ugomvi wa Jumatatu na Jumanne uishe, alikuta daftari jeusi la jalada gumu, la mkono wa baba yake, limeandikwa juu, "Sabuni, kaya namba moja, si la ofisi," akalifungua, akakaa chini, akatuita wote. Ukurasa wa kwanza tarehe 12 Machi 1994 umeandikwa hivi, "Karatasi ya kwetu, povu la nje. Harufu ya limao. Nimeulizwa sabuni ikoje, nimesema haina mpinzani." Tarehe 30 Aprili akaandika, "Kaya thelathini na saba, karatasi mia moja sitini na tatu, zote zimechanwa upande mmoja kwa kisu kimoja, na zote zina namba ya boksi za dobi. Haiwezekani." Na chini yake, peke yake katikati ya mstari, limeandikwa neno moja, "Shemeji."

Msomaji anaomba maji kidogo.

Tarehe 1 Mei 1994 akaandika kwa kirefu kuliko siku zote, na tunasoma kama yalivyo, "Kwa karatasi hizi namba ni sifuri nukta tatu, namba nzuri sana, mtaa mzima unaipenda sabuni ya baba, nami nilitaka sana iwe kweli. Nikiipeleka watashusha ushuru na kiwanda kitakufa kwa mapenzi ya majirani zangu. Nikisema kaya zimedanganya, itabidi niseme iliyoanza ni ya kwangu. Amefanya kwa ajili yangu, hawezi kuaibishwa mbele ya watu kwa hilo. Nitaitafuta namba kwingine." Na kurasa zinazofuata, Jumamosi baada ya Jumamosi, saa nne asubuhi, ni maboksi matupu nyuma ya duka la shemeji, ya njano mangapi, ya kiwanda mangapi, toa ya dobi, na bei zilizoandikwa kwa chaki ubaoni siku hiyo, mpaka mwisho wa mwaka hakuruka hata wiki moja. Ndiyo kusema yule aliyekuwa ananyoosha miguu uani, anatembea polepole ukutani mikono iko nyuma, alikuwa anahesabu maboksi, na kile kiti hakuwahi kukikalia, jambo ambalo msomaji alipaswa kuliona mapema. Namba ikatoka mbili nukta saba, kwamba watu wa mtaa huu, pamoja na salamu zao zote, sabuni ya nje ikishuka bei kidogo wanahama kwa kishindo, na ni namba hiyo ya usaliti wetu iliyofanya ushuru uachwe ulipo na kiwanda kikabaki.

Familia ilimpigia simu mwenzake wa meza ya mbele pale ofisini, mzee mwenye fimbo aliyeketi mstari wa pili, naye amethibitisha kwamba alikuwemo kwenye kamati, na kwamba mwenyekiti alimuuliza marehemu, "Takwimu za kaya arobaini ziko wapi?" Akajibu zipo lakini hazifai kutumika. "Hazifai kwa nini?" Marehemu akasema, "Zina mapenzi mengi mno." Wakacheka, wakamuuliza basi hiyo mbili nukta saba kaitoa wapi, akasema kwenye maboksi nyuma ya duka, wakaacha kucheka, na ingawa mauzo ya kiwanda yalipoletwa yalikubaliana na namba yake, kamati iliona mtu anayeokota takwimu jalalani na hataki kueleza sababu hafai kuwa mkuu wa kitengo. Alikuwa na sababu, ilikuwa nyumbani inashona. Alirudi siku hiyo, daftari linasema, akaoga, akasifia sabuni.

Tulimsomea mjane haya yote saa mbili asubuhi. Akaomba daftari, akaomba miwani, akasoma mwenyewe ukurasa kwa ukurasa tukiwa tumemzunguka, kisha akacheka mpaka muuguzi akamshika mapigo, akasema, "Mwanamume huyu! Miaka thelathini ananisifia povu!" halafu akalia, na safari hii hakutoka kwenda kulilia kwenye korido. Daftari linaendelea mpaka baada ya kustaafu, wakati hapakuwa na ripoti tena wala mtu wa kuisoma, na Jumamosi zile za maboksi nazo zinaendelea miaka kumi na mitatu zaidi, saa nne palepale, na hapo msomaji anajipa moyo kwamba huenda mwishoni marehemu hakuwa anakuja kwa ajili ya maboksi peke yake.

Maandishi ya mwisho ni ya tarehe 5 Oktoba, siku nne kabla hajatutoka, ya mkono wa kushoto, yamepinda na yametoka nje ya mstari, yanasema, "Leo ameniogesha. Limao." Mjane ameomba kalamu, na chini ya maneno hayo ameandika kwa mkono wake, naye ameagiza isomwe hivi, "Kaya namba moja. Ya nje, tangu wiki ya kwanza, bila kukosa. Sasa takwimu zako ziko safi, mume wangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea mara mbili, pamoja na yule aliyemvumilia marehemu akimuuliza dripu ya kwetu na ya nje zinatofautianaje, inaishukuru ofisi ya takwimu iliyoleta gari na maua, inawashukuru wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni waliofika na sare zao, wamesimama kule nyuma na hawakuwa wanajua wamekuja kumzika nani mpaka dakika hii, na inawashukuru majirani wa kaya arobaini, ambao tunaona wameinamisha vichwa, waviinue, wamesamehewa tangu Mei mosi mwaka 1994. Kwa wote ambao hatukuwataja, tunaomba mpokee shukrani zetu kama zilivyo.

Shemeji, maboksi ya wiki hii yamepangwa ukutani nyuma ya duka kama ulivyozoea kuyakuta, hakuna aliyeyagusa, na kile kiti chako nimekitoa dukani nikakiweka uani, kando yake.

Pumzika kwa amani.